Jua Tunalo Bure, Vidonge Mnatuuzia vya Nini?

Posti hii itaniletea matusi. Kuna makocha wa tizi hapa Likoni washanitumia ujumbe kwamba niachane na hii stori. Basi leo naandika yote, mwenye hasira akasirike.

Kila tangazo la KDF la kuandikisha makuruti likitoka, sisi wa ng'ambo ya kisiwa tunaamka kabla ya adhana. Saa kumi na moja alfajiri ukisimama Mtongwe, pale karibu na kambi ya wanamaji, unaskia vishindo vya viatu tu gizani. Kisauni wanashuka kutoka Bombolulu hadi daraja la Nyali na kurudi. Changamwe wanapasua barabara ya Port Reitz. Vijana wa watu, raba za mtumba, matumaini kichwani. Nawapenda na nawaheshimu, manake najua wanakimbilia nini. Mshahara wa kila mwezi ni kitu mtaani kwetu hakuna.

Lakini nyuma ya kila kundi kuna mtu ana begi.

Ndani ya begi kuna vikopo. Kikopo kimoja elfu moja na mia tano. Ukiuliza ni nini unaambiwa "vitamini D ya wanajeshi". Ati ukimeza hizi mfupa haukatiki, homa haikushiki, unaingia Eldoret kama chuma. Na ukitaka ushahidi, kocha anatoa simu: "Marekani wamefanya utafiti, wanajeshi wao wanakula hizi hizi."

Binamu yangu alinunua. Ana miaka 19, mtoto wa mamangu mdogo. Pesa alitoa mamake, anayeuza mahamri ya shilingi kumi kumi. Piga hesabu mwenyewe. Kikopo kimoja ni mahamri 150, na hapo hujatoa unga, sukari, nazi wala makaa.

Wiki ya tatu mguu ukaanza kumuuma, mfupa wa muundi, sehemu moja tu, ukiibonyeza kwa kidole anaruka. Kocha akamwambia, "Huo ni mfupa unakomaa. Ongeza vidonge, viwili asubuhi viwili usiku." Akaongeza, na kukimbia hakuacha. Siku ya mchujo alifika uwanjani na vyeti vyote, akapita urefu, akapita meno, kwenye mbio akakimbia kama mtu anayekanyaga misumari mpaka akakaa chini mwenyewe. Kupigwa picha mara ya kwanza hospitali, hakuna kitu. Wiki tatu baadaye akapigwa tena, ufa ukaonekana. Mchujo ushaisha, makuruti washapanda magari.

Sasa wacha niwaambie kitu ambacho mwenye begi hakwambii.

Huo utafiti wa Marekani upo, sikatai. Mimi si mtu wa kukana kitu kwa sababu sikipendi. Ulichapishwa mwaka wa 2008. Makuruti wanawake 5,201 wa jeshi la wanamaji la Marekani, kambi ya Great Lakes karibu na Chicago, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miligramu 2,000 za kalisiamu na uniti 800 za vitamini D kila siku kwa wiki 8, kundi la pili vidonge vitupu visivyo na dawa. Waliopewa dawa, nyufa za mifupa zilipungua kwa asilimia 20 hivi.

Haya, soma tena polepole. Moja, walikuwa wanawake peke yao. Mbili, walipewa vitamini D pamoja na kalisiamu nyingi, kwa hivo huwezi kujua ni kipi kilichofanya kazi. Tatu, ni asilimia 20. Yani kama wangeumia watu kumi, wanane bado wanaumia na vidonge tumboni. Huyo ndiye "chuma" mnayemwimba? Na nne, Chicago, yakhe! Kule kuna miezi jua linatoka kama mgeni asiyetaka kukaa, na mtu akitoka nje kajifunga nguo mpaka puani.

Utafiti mwingine wanaopenda kuutaja ni wa Finland, wa mwaka wa 2006. Makuruti 756 walipimwa damu, wakafuatwa siku 90. Wakapatikana 22 wenye nyufa za mifupa, na wale waliokuwa na vitamini D ya chini ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi. Sawa. Mfini wa katikati kwenye ule utafiti alikuwa na kiwango cha karibu nanomoli 76 kwa lita moja ya damu. Shika hiyo namba.

Sasa njoo nyumbani. Mwaka wa 2012 watafiti walichapisha vipimo vya watu wazima 60 kutoka Tanzania, Wamasai na Wahadzabe, watu wanaoshinda nje juani. Wastani wao ulikuwa 115. Hawajawahi kuona kikopo cha kocha. Kidonge walichotumia kinachomoza kila asubuhi juu ya Bahari ya Hindi, na hakuna aliyewatoza shilingi.

Ngozi yako ikipigwa na jua kali, inatengeneza vitamini D yenyewe. Ini na figo zinaimalizia. Kazi yake kubwa ni kusaidia utumbo kufyonza kalisiamu kutoka kwenye chakula iende kujenga mfupa. Ndio maana Uingereza serikali inawashauri watu wafikirie kumeza uniti 400 kila siku msimu wa baridi: jua lao miezi hiyo halina nguvu ya kutosha. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kijana anayesukuma mkokoteni Kongowea au anayeendesha boda Magongo saa saba mchana, unamuuzia jua kwenye kikopo? Hiyo ni sawa na kumuuzia mvuvi maji ya chumvi.

Najua mtakuja kwenye komenti na hoja moja ya maana, kwa hivyo naijibu sasa hivi. "Si wote wanashinda juani." Kweli kabisa. Watafiti wakiwemo wa kituo cha KEMRI-Wellcome Kilifi, hapo juu tu kwa barabara, walikusanya tafiti za Afrika nzima na kuzichapisha mwaka wa 2020. Walikuta takriban theluthi moja ya waliopimwa wako chini ya 50, na walioathirika zaidi ni wanawake, watoto wachanga na watu wa mijini. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiwango kile kile.

Kwa hivyo dada yangu anayeingia kiwandani EPZ jua halijapanda na kutoka limezama, na akitoka ana buibui lake, huyo namuelewa. Jua halipiti kwenye nguo nzito, na ule mwale unaotengeneza vitamini D haupiti kwenye kioo cha dirisha. Huyo akitaka kwenda jeshi, ana sababu ya kumuuliza daktari, apimwe, na akipungukiwa apewe dozi inayojulikana. Na hata yeye ana dawa ya bure: siku ya mapumziko akae uani kwao, mikono na miguu wazi, saa ambazo kivuli chako ni kifupi kuliko wewe mwenyewe. Mabibi zetu walijenga nyumba zenye ua wakijua wanachofanya.

Lakini angalia ujinga wa biashara hii. Kocha anawakimbiza watu saa kumi na moja gizani, saa ambayo hata jua halijatoka, halafu anawauzia vitamini ya jua!

Na ile ya homa? Ati ukimeza hushikwi na mafua kambini? Mwaka wa 2017 tafiti 25 ziliunganishwa, watu zaidi ya elfu kumi na moja. Ilionekana vitamini D inasaidia kidogo kuzuia magonjwa ya njia ya hewa, hasa kwa waliopungukiwa sana, na kwa dozi ndogo za kila siku au kila wiki. Dozi kubwa za kumeza kwa mkupuo hazikusaidia. Mwaka wa 2025 hesabu ikarudiwa na tafiti 46, na ile faida ikawa ndogo kiasi kwamba huwezi kuitofautisha na bahati. Na huku mtaani dozi za mkupuo ndizo zinazouzwa ghali zaidi kwa sababu namba kwenye kikopo ni kubwa!

Vitamini D nyingi pia ni sumu. Haitoki kwa mkojo kama vitamini C, inakaa kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi kwa muda, kalisiamu inajaa kwenye damu: kichefuchefu, udhaifu, mawe kwenye figo. Kwa mtu mzima, kiwango cha juu kinachokubalika bila usimamizi wa daktari ni uniti 4,000 kwa siku. Binamu yangu alikuwa anameza vidonge vinne kwa siku kutoka kikopo kisicho na hata karatasi. Vinne mara ngapi? Uniti ngapi? Hakuna aliyejua, hata aliyemuuzia. Dawa halali nchini hii inasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kikopo cha kwenye begi kimesajiliwa na nani, na shetani?

Sasa tuongee ukweli kuhusu mguu, kwa sababu hapo ndipo vijana wanapouawa ndoto.

Huu ugonjwa si mpya. Mwaka wa 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu wanajeshi waliovimba miguu baada ya kutembezwa sana. Hiyo ni miaka 40 kabla ya eksirei kugunduliwa. Wazungu wa zamani hawakusema ni upungufu wa kidonge. Walisema ni safari ndefu.

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai. Ukianza kuupiga kwa mazoezi, mwili kwanza unakwangua sehemu iliyochoka, ndio baadaye unajenga mpya yenye nguvu zaidi. Ni kama fundi anayebomoa ukuta kabla ya kuujenga upya. Katikati ya kubomoa na kujenga kuna wiki kadhaa ambazo ukuta ni dhaifu. Mtu ambaye hajakimbia tangu amalize fomu foo, anasoma tangazo Jumatatu, Jumanne anakimbia kilomita kumi kwenye lami na raba iliyolala kisigino, na wiki ya tatu ndio anaongeza mwendo. Yani anaupiga ukuta nyundo siku ule fundi amebomoa na hajajenga. Hapo hata ule vidonge kama njugu, ufa utakuja.

Australia walikuwa na shida hii. Makuruti wao wanawake walikuwa wanapata nyufa za mfupa wa nyonga, asilimia 11.2 ya wanawake. Utafiti uliochapishwa 1999 ukaonyesha kilichofanyika. Walipunguza kasi ya kutembea kwa gwaride, wakaacha kila mtu atembee kwa hatua zake badala ya kulazimishwa hatua za mrefu wa mbele, wakawapa nafasi kati ya mtu na mtu, na mbio ndefu wakabadilisha na mbio fupi za kupokezana na mapumziko. Kutoka 11.2 ikashuka hadi 0.6. Kurudia kwa wasioamini: kutoka watu kumi na moja kwa mia hadi chini ya mmoja. Hakuna kidonge hapo. Kilichobadilika ni akili ya anayefundisha.

Sasa linganisha. Kidonge cha Chicago, asilimia 20. Kocha mwenye akili, zaidi ya asilimia 90. Kwa nini basi kinachouzwa ni kidonge?

Kwa sababu akili haiwezi kutiwa kwenye begi ikauzwa elfu moja na mia tano. Kwa sababu ukimwambia kijana "punguza mwendo, pumzika Jumatano, kula" hakuna faida unayopata. Na kwa sababu kidonge kinamsaidia kocha kukwepa lawama. Mguu ukikatika, atasema hukumeza vizuri, ulichelewa kununua kikopo cha pili, familia yenu ina mifupa laini. Yeye kila siku yuko sawa.

Na kuna njaa, ambayo hakuna anayetaka kuitaja kwa sababu inatutia aibu. KDF inataka mwanamume awe na kilo 54.55 na mwanamke kilo 50, urefu futi 5 na inchi 3. Nimeona vijana wanakimbia alfajiri kwa chai ya rangi, mchana wanatafuna muguka ili wasiskie njaa, usiku wanakula chapati mbili na maharagwe ya mkopo. Mwili usiopata chakula cha kutosha unaacha kujenga mfupa, manake una mambo ya haraka zaidi ya kushughulikia. Msichana anaacha kuona siku zake, anafurahi ati ni mazoezi yamekolea. Hapana dada, huo ni mwili unapiga kengele, na mfupa ndio unaofuata. Halafu siku ya mizani wanarudishwa kwa nusu kilo, baada ya kuikimbiza wenyewe hiyo nusu kilo barabarani.

Zile pesa za kikopo, mpe mamako akupikie. Dagaa wa kuliwa na miiba yake, hapo una kalisiamu. Samaki wa mafuta kama vibua, hapo una vitamini D ya kweli. Sukuma wiki, maziwa, mayai, mbaazi. Elfu moja na mia tano ni siku nyingi za kula kama mtu.

Kwa anayejiandaa, haya ndiyo yangu, na siyauzi. Usingoje tangazo. Anza miezi kadhaa kabla, hata kama hujui watatangaza lini, kwa sababu mfupa hausomi gazeti. Ongeza kidogo kidogo, siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi. Lami ipunguze: Likoni una Shelly Beach, Kisauni una Pirates, maji yakipwa ule mchanga wa chini unakuwa mgumu na tambarare. Changamwe tafuteni kiwanja cha shule. Lala. Na ukiskia maumivu sehemu moja ya mfupa, yanayozidi ukikimbia na ukibonyeza kwa kidole unayapata pale pale, simama. Usikaze meno. Nenda hospitali, na picha ya kwanza ikiwa safi lakini maumivu yapo, usirudi barabarani. Ufa mara nyingi huchelewa kuonekana. Wiki sita za kupumzika zinauma, lakini kukosa jeshi kwa mguu uliovunjika kabisa kunauma zaidi. Nimemuona anayeumia hivo, anakaa barazani kwetu.

Kwa makocha: wengine wenu ni wazuri, nawajua, mnafundisha bure na mnawajua vijana kwa majina. Posti hii si yenu. Nawaongelesha nyinyi wenye mabegi. Mkitaka kutuuzia vitamini D, nileteeni utafiti wa makuruti wa Kenya, waliokulia hapa, waliofundishwa Eldoret. Msiniletee Mfini. Na leteni kikopo chenye jina, uniti, tarehe na usajili. Mkishindwa, rudisheni pesa za wamama.

Na kwa nyinyi wakubwa wa jeshi mnaotangaza kwamba kuandikishwa ni bure na msihonge mtu: asanteni, endeleeni. Lakini kwenye hilo hilo tangazo ongezeni mistari mitatu ya jinsi ya kujiandaa bila kujivunja. Kijana mwenye hamu na asiye na habari, habari atauziwa na yule atakayemkuta kwanza.

Binamu yangu bado ana miaka kadhaa kabla ya kufika 26. Mguu umepona. Jana jioni nilimkuta Shelly Beach maji yakiwa yamepwa, anakimbia polepole kama mzee, peku kidogo, viatu kidogo. Nikamuuliza vikopo viko wapi. Akasema mamake kimoja anatilia iliki.